Mbio za Wazee: Pumzi Hutangulia, Miguu Hufuata

Makanisa mengi hapa Kenya huandaa matembezi au mbio za kuchanga pesa, pengine za kujenga zahanati, kununua tangi la maji au kuwalipia watoto karo. Siku hiyo watu huvaa fulana, filimbi hulia, na vijana huondoka kama mishale. Nyuma yao huja akina mama na wazee, na wengine hushangaa wenyewe kwamba bado wanaweza. Wanamaliza wakicheka. Lakini Jumapili inayofuata utawaona baadhi yao wakishika goti kila wanapoinuka kanisani. Ukiwauliza kuhusu mbio watakuambia, "Hiyo ni kazi ya vijana. Mimi nilijaribu nikaona."

Makala hii ni yao hao waliojaribu wakaona, na pia ni ya wale ambao bado wanaogopa kujaribu. Wengi hudhani walishindwa na umri, kumbe walishindwa na haraka. Mtu mwenye miaka 55 au 65 anaweza kukimbia kwa miaka mingi bila kuumia, lakini ni lazima aelewe jinsi mwili wake unavyofanya kazi sasa, na ni vizuri awe na wenzake. Ndiyo maana tunaandikia vikundi, si mtu mmoja mmoja.

KWA NINI MTU MZIMA AKIMBIE?

Siku hizi kazi ya miguu imepungua. Mama aliyezoea kwenda sokoni kilomita 5 kwa miguu sasa anapanda boda boda. Maji yapo kwenye mfereji karibu na nyumba. Hatulalamiki, maanake taabu imepungua. Lakini presha na sukari, ambazo zamani tulidhani ni magonjwa ya watu wa mjini, sasa tunazo huku vijijini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi mazito zaidi kama kukimbia kwa dakika 75 hadi 150. Aongeze mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 kwa wiki. Na aliyefika miaka 65 afanye mazoezi ya kutoyumba siku 3 kwa wiki, ili asianguke.

Je, kukimbia kunasaidia kweli? Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza kufuatilia watu wa miaka 50 na zaidi. Wengine walikuwa wanachama wa klabu ya mbio, wengine hawakuwa wakimbiaji. Baada ya miaka 19, katika kila wakimbiaji 100, 15 walikuwa wamefariki. Katika kila watu 100 wa kundi lile lingine, 34 walikuwa wamefariki. Tena wakimbiaji walichukua miaka mingi zaidi kabla ya kushindwa na mambo ya kawaida kama kuvaa nguo, kuinuka kitini na kutembea. Ni kweli kwamba anayejiunga na klabu ya mbio pengine tayari ana afya nzuri kuliko mwenzake. Hata hivyo tofauti hiyo si ndogo.

WALIOCHELEWA NA BADO WAKAFIKA

Kenneth Mungara, Mkenya mwenzetu, alikuwa kinyozi. Alipoingia mbio ndefu alikuwa amepita miaka 30, wakati wengine wanaanza kufikiria kustaafu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Mwaka uliofuata akashinda tena huko huko.

Edna Kiplagat, ambaye ni mama wa watoto, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Mwaka 2024, akiwa na miaka 44, alimaliza wa tatu katika marathoni ya Boston, mbele ya wanawake wengi ambao angeweza kuwaita wadogo zake.

Yuko pia Fauja Singh, mkulima kutoka Punjab, India, ambaye alihamia Uingereza. Alipofiwa na mwanawe alizama katika huzuni, na mbio ndizo zilizomwinua. Alikimbia marathoni yake ya kwanza London mwaka 2000, akihesabiwa kuwa na miaka 89. Oktoba 2011 alimaliza marathoni ya Toronto, Kanada, kwa saa 8 na dakika 11, akiwa na miaka 100 kwa mujibu wa pasipoti yake. Rekodi hiyo haikuingizwa katika kitabu cha Guinness kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi wa vijiji vyetu wataielewa shida hiyo!

Hatuwataji hawa ili kila mtu akimbie marathoni. Tunawataja ili mtu asiseme, "Nimeshapitwa." Saa 8 na dakika 11 ni mwendo wa pole pole sana, lakini mzee alifika.

KWA NINI TUNAUMIA?

Sehemu hii isomwe kwa makini, hata mara mbili.

Ukianza kukimbia, kitu cha kwanza kubadilika ni pumzi. Baada ya wiki tatu au nne tu, mlima uliokuwa unakufanya uheme unaupanda ukizungumza. Moyo na mapafu vimezoea. Misuli nayo hufuata baada ya muda. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa, pamoja na mifupa yenyewe, huchukua miezi kuimarika. Kadiri tunavyozeeka, kano hupungua unyumbufu na hupona taratibu zaidi.

Basi angalieni hatari iliyopo. Wiki ya tano pumzi inakuambia, "Ongeza!" Unajisikia kijana. Unaongeza kilomita, unashindana na mwanao kupanda mlima. Lakini kano ya kisigino bado iko wiki ya kwanza. Haikuambii neno siku hiyo. Itakuambia kesho yake asubuhi unaposhuka kitandani. Wengi wetu hatuumii siku tunapojisikia vibaya, kwa sababu siku hiyo tunapunguza wenyewe. Tunaumia kwa sababu ya ile siku tuliyojisikia vizuri.

Vikundi vya akiba vinalijua jambo hili. Mwanachama mpya akiweka akiba mwezi mmoja halafu aombe mkopo mkubwa, mtamkatalia hata kama ni mtu mwaminifu, maanake akiba yake haijafika. Pumzi ni kama huyo mwanachama anayeomba mkopo. Kano na mifupa ndiyo akiba. Usimkopeshe.

Na ile habari kwamba mbio humaliza magoti? Mwaka 2017 watafiti walichapisha majumlisho ya tafiti nyingi kuhusu ugonjwa wa kulika kwa maungio ya goti na nyonga. Kwa watu wanaokimbia kwa ajili ya afya tu, waliokuwa na ugonjwa huo walikuwa asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2. Kwa wakimbiaji wa mashindano makubwa, asilimia 13.3. Kwa hiyo mbio za kiasi hazionekani kuwa adui wa goti. Kukaa tu kuna madhara yake, na kupita kiasi pia kuna madhara yake.

KABLA YA KUANZA

Kila mwanakikundi apimwe presha na sukari kwanza. Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia. Mwalikeni mhudumu wenu siku ya mkutano awapime wote pamoja. Aliye na ugonjwa wa moyo, aliyewahi kubanwa na kifua au kuzimia, na aliye na presha ya juu sana, amwone daktari kabla ya kukimbia hata hatua moja.

Mwenye sukari akague nyayo zake kila jioni, maanake anaweza kupata jeraha bila kulihisi. Kama anatumia insulini au dawa za kushusha sukari, amuulize daktari kuhusu kula kabla ya mazoezi, na asikimbie bila peremende au glukosi mfukoni.

RATIBA YA WIKI 12

Chagueni siku 3 kwa wiki ambazo hazifuatani, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila mara anzeni kwa kutembea dakika 5 hadi 10 ili mwili upate joto. Halafu fanyeni dakika 30 hivi:

Wiki ya 1 na 2: tembeeni kwa haraka dakika 30.
Wiki ya 3 na 4: kimbieni dakika 1, tembeeni dakika 4. Rudieni mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbieni dakika 2, tembeeni 3. Rudieni mara 6.
Wiki ya 7 na 8: kimbieni dakika 3, tembeeni 2. Rudieni mara 6.
Wiki ya 9 na 10: kimbieni dakika 4, tembeeni 1. Rudieni mara 6.
Wiki ya 11 na 12: kimbieni dakika 20 hadi 30 pole pole. Anayechoka atembee kidogo, si aibu.

Ambaye hana saa ahesabu nguzo za stima: nguzo moja mbio, nne kwa miguu, na kadhalika. Kipimo cha mwendo ni mdomo. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Ukitoa neno moja moja, punguza. Kipimo hiki kinafaa hata kwa wanaotumia dawa za presha, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo na huwezi kuyategemea.

Siku zilizobaki msizione kama siku za uvivu. Ndizo siku ambazo kano inajijenga. Anayekimbia kila siku kwa sababu ana ari anabomoa ukuta kabla saruji haijakauka. Na aliyeugua malaria au homa asirudi pale alipoachia. Arudi nyuma hatua moja au mbili za ratiba, ndipo aendelee.

MIGUU ITIWE NGUVU

Mara 2 kwa wiki, labda mwanzoni mwa mkutano, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, kuinua visigino. Simama kwa vidole pembeni mwa ngazi au jiwe imara, ukishika ukuta. Jiinue, halafu shusha visigino pole pole kabisa hadi chini ya ukingo. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walichapisha habari za wakimbiaji wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino waliotibiwa kwa zoezi la kushusha kisigino namna hii: mara 15, mizunguko 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ninyi mnaojikinga tu anzeni na mara 10, mizunguko 2.

Pili, kuinuka kitini bila kushika kwa mikono, mara 10. Zoezi hili hulipa paja nguvu, na paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Tatu, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, kwa kuhesabu hadi 20, halafu mguu wa pili. Mkimbiaji mzee akianguka kwenye mawe anaweza kuvunjika, kwa hiyo zoezi hili lisidharauliwe.

Chakula nacho kina kazi. Misuli ya mtu mzima huhitaji vyakula vya kujenga mwili kuliko tunavyodhani: maharagwe, ndengu, mayai, maziwa, omena. Chai na mkate peke yake havitoshi.

VIATU NA BARABARA

Si lazima viatu vipya. Raba za mtumba zinafaa ukizichagua vizuri. Ziweke mezani uziangalie kwa nyuma. Kama kisigino kimelika upande mmoja hadi kiatu kinalala, kiache hata kama ni bei ya chini. Bonyeza soli, kama imekauka na kuwa ngumu kama ubao, kiache pia. Jaribu viatu jioni wakati mguu umevimba kidogo, na nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele. Vikundi vyenye mzunguko wa pesa vinaweza kupanga kila mwezi mtu mmoja anunuliwe viatu kutoka kwenye mzunguko.

Barabara ya murram iliyo sawa ni nzuri kuliko lami, na lami ni nzuri kuliko njia ya mawe na mashimo. Kwenye barabara ya magari kimbieni upande wa kulia, mkiyatazama magari na boda boda yanayokuja, mkiwa mmoja nyuma ya mwingine, mmevaa nguo za rangi ya kung'aa. Mzee Fauja Singh tuliyemtaja juu hakuuawa na mbio wala na uzee. Julai 2025 aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara karibu na kijiji chake huko Punjab. Alikuwa akihesabiwa kuwa na miaka 114. Giza la alfajiri lisiwadanganye kwamba barabara ni yenu.

MAUMIVU YAPI YA KUVUMILIA?

Uchovu wa misuli ya pande zote mbili, unaoisha kwa siku moja au mbili, ni wa kawaida. Maumivu madogo yanayopungua ukitembea, na ambayo kesho yake hayapo, endelea lakini usiongeze chochote.

Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kuweka kidole, maumivu yanayokufanya uchechemee, au yanayozidi kila siku, simama. Pumzika siku kadhaa, weka kitambaa cha maji baridi, tembea tu. Yasipopungua kwa wiki moja au mbili, au kama mfupa unauma hata usiku, nenda zahanati. Usimeze dawa kama ibuprofeni au diklofenaki ili upate kukimbia. Dawa hizo huficha maumivu, na kwa mtu mzima mwenye presha au aliyepungukiwa maji zinaweza kudhuru figo.

Kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, au kizunguzungu kikija, acha hapo hapo. Mwenzako asikuache, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

MOYO USICHOKE

Mwezi wa kwanza ari huwa nyingi. Mwezi wa tatu mvua inanyesha, kuna palizi, kuna mjukuu mgonjwa, na majirani wanauliza, "Huyu mama anakimbia nini? Amefukuzwa na nani?" Hapo ndipo kikundi kinapohitajika.

Wekeni daftari. Andikeni siku ambazo mtu alikuja, msiandike kasi yake. Mwenye miaka 60 hatazidi kasi aliyokuwa nayo akiwa na 30, na akijipima hivyo atakata tamaa. Lakini idadi ya siku anaweza kuiongeza kila mwaka. Siku ya mkutano someni daftari kama mnavyosoma hesabu ya akiba, na mumpigie makofi aliyekuja mara nyingi, hata kama huwa wa mwisho.

Kila mtu awe na mwenzake. Asipofika, mwenzake apite nyumbani kumjulia hali. Akina mama wapangiane nani atabaki na wajukuu. Na mama si lazima avae suruali. Sketi pana au leso iliyofungwa vizuri juu ya kaptura inatosha.

Tena mwenzako ana kazi ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kukusukuma. Ni kukuzuia. Siku ile pumzi inapokuambia uongeze, yeye ndiye wa kukukumbusha, "Dada, ratiba inasema dakika mbili." Mtu peke yake hujidanganya kwa urahisi. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wanariadha, na alisisitiza kujizuia katika mambo yote. Sisi wakimbiaji wa umri mkubwa tunahitaji fundisho hilo kwa miguu pia.

Mkifika wiki ya 12, chagueni siku ya kusherehekea, labda mbio za kuchangia kanisa mwaka huu. Vijana waondoke kama mishale. Ninyi anzeni pole pole, mzungumze njiani. Na Jumatatu inayofuata pumzikeni, ili Jumatano muonekane tena barabarani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kikundi chetu aliwahi kukimbia akaacha? Aliacha kwa sababu gani?
2. Tutamwalika lini mhudumu wa afya atupime presha na sukari?
3. Ni njia gani hapa kijijini iliyo salama, na saa ngapi?
4. Mwenzako akijisikia vizuri sana na kutaka kuongeza, utamwambiaje bila kumvunja moyo?